Mazungumzo ya Nyumbani: Wajukuu wa Wasafiri



Katika kila mtaa wa zamani wa Wakristo zipo nyumba ambazo watu huzitaja kwa heshima, wakisema, "Hao ni wajukuu wa wasomaji wa kwanza." Babu yao aliondoka kwao, akavumilia dhihaka za ndugu, akajenga karibu na shule wakati shule yenyewe ilipokuwa kibanda cha nyasi. Siku ya sherehe jina lake husomwa mbele ya watu wote, na wajukuu huketi viti vya mbele. Jambo hili ni jema, maana asiyewakumbuka waliomtangulia ni kama mti usio na mizizi. Lakini mara nyingine twaona shamba la huyo babu limeota magugu, wala mjukuu hana habari nalo. Yeye hudai tu heshima ya safari ambayo miguu yake haikuitembea. Basi mwezi huu napenda tuulizane neno hili: Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya waanzilishi, amerithi nini hasa? Amerithi kiti, au amerithi kazi?

Ili tupate jibu, na tuitazame nyumba moja ya mbali, nyumba ya Bwana John Willard Marriott na Bibi Alice Sheets Marriott, wa nchi ya Marekani. Huenda umeliona jina lao juu ya mlango wa hoteli, kwa kuwa mwaka 2014 kampuni yao iliinunua kampuni ya Protea ya Afrika Kusini, iliyokuwa na hoteli katika nchi kadhaa za bara letu. Wao wenyewe wamekwisha kufariki, bwana mwaka 1985, na bibi mwaka 2000. Wala si majumba yao ninayotaka kuyasimulia. Nataka kusimulia habari za mume na mke, na daftari la hesabu lililokuwa kati yao.

ASILI YAO

Mwaka 1847 watu wa dhehebu la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi huwaita Wamormoni, walifika katika bonde la Ziwa la Chumvi, ambalo leo limo katika jimbo la Utah. Walikuwa wamefukuzwa makwao kwa ajili ya imani yao, nao waliongozwa na Brigham Young. Njia ile ilikuwa ya maili zaidi ya 1,000, ya mbuga na mito na milima. Wengi walikwenda kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Na tangu mwaka 1856 wengine, waliokuwa maskini zaidi, walikokota mikokoteni kwa mikono yao wenyewe. Watu wengi walizikwa njiani. Safari hizo ziliendelea hata mwaka 1869, reli ilipokwisha kuvuka nchi ile. Tena yafaa tukumbuke kwamba nchi waliyoifikia haikuwa tupu. Washoshone na Wayuti walikaa huko tangu zamani, nao walipoteza mengi. Mwenye kusimulia habari za waanzilishi asiwasahau waliokuwako kabla yao.

Mmoja wa wahamiaji hao alikuwa John Marriott, Mwingereza, aliyejenga karibu na mji wa Ogden. Na kijiji chake kikaitwa kwa jina lake. Katika kijiji hicho alizaliwa mjukuu wake, John Willard, tarehe 17 Septemba 1900. Bibi Alice alizaliwa katika mji wa Salt Lake City tarehe 19 Oktoba 1907, naye pia alikuwa wa uzao wa wale waliofanya safari ile.

Hebu fikiri, ndugu msomaji: mtoto anazaliwa katika kijiji kinachoitwa kwa jina la babu yake! Wengi wetu wangeona hilo latosha. Lakini jina la kijiji halikumwondolea mtoto yule kazi. Baba yake alilima viazisukari na kufuga kondoo. Kijana alipokuwa na umri wa miaka 13 aliona sehemu ya shamba imelala bure, akaipanda saladi. Na mwisho wa kiangazi mavuno yakaleta dola 2,000. Fedha hizo akampa baba yake. Mwaka uliofuata baba akamtuma peke yake hata San Francisco, na kondoo 3,000 ndani ya gari la moshi. Mtoto aliyeonyesha uaminifu katika saladi akapewa kondoo, wala hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni mjukuu wa mtu mkubwa, basi na akae kivulini.

Alipopata miaka 19 alikwenda kuhubiri dini yake kwa muda wa miaka miwili katika nchi za mashariki ya Marekani. Aliporudi mwaka 1921 alimkuta baba yake katika deni kubwa, kwa maana bei ya kondoo ilikuwa imeanguka baada ya ile vita ya 1914 hata 1918. Jambo hilo liliingia moyoni mwake, na tangu siku hizo alichukia deni kama mtu achukiavyo nyoka nyumbani. Kwa ajili ya kazi za kondoo alikuwa hakumaliza shule ya sekondari. Hata hivyo alimwomba mwalimu mmoja wa chuo ampokee, naye akapokewa. Wakati wa likizo aliwauzia wakata magogo nguo za ndani za sufu, apate ada yake. Mwaka 1926 alihitimu katika Chuo Kikuu cha Utah. Bibi Alice alihitimu katika chuo hicho hicho mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 19 tu, na somo lake lilikuwa lugha ya Kiispania. Lishike neno hili la Kiispania, maana tutalirudia.

SENTI ZENYE KUNATA

Wakati wa kurudi kwake kutoka kuhubiri, Bwana Marriott alipita katika mji wa Washington siku za joto kali. Alimwona mchuuzi mmoja akisukuma kigari cha sharubati ya ndimu na barafu tamu, na kwa dakika chache watu wakamaliza vyote. Wengine waliona joto tu. Yeye aliona haja ya watu. Neno hilo akaliweka moyoni kwa miaka sita.

Hata tarehe 20 Mei 1927, yeye na mwenziwe Hugh Colton walifungua kibanda chenye viti 9 katika mji huo wa Washington. Waliuza kinywaji baridi chenye povu, kitamu, kisicho na kileo, kilichotiwa ladha ya mizizi. Na bei yake ilikuwa senti 5 kwa kikombe. Tarehe 9 Juni, bwana alikuwa amerudi Utah, akamwoa Bibi Alice. Kisha wakashika njia katika motakaa kuukuu aina ya Ford, wakaenda Washington. Babu zao walivuka nchi kwenda magharibi kwa ng'ombe. Wajukuu wakaivuka kwenda mashariki kwa motakaa. Safari yao ya arusi ilikuwa safari ya kwenda kazini. Baadaye mwenziwe Colton aliuza sehemu yake akarudi Utah, na kazi ikabaki ya mume na mke.

Sasa tusimame kidogo hapa. Fedha za kibanda zilifika mkononi mwa Bibi Alice, naye akazihesabu na kuziandika daftarini. Sarafu zile zilinata, maana zilikuwa zimelowa sukari ya kinywaji. Senti 5 ni kitu kidogo. Vikombe 20 ndivyo vinavyofanya dola moja. Mwenye kuhesabu kwa uvivu angesema, "Siku ilikuwa njema," kisha akalala. Lakini daftari halikubali maneno kama hayo. Daftari huuliza: Vimeuzwa vikombe vingapi? Sukari imenunuliwa kiasi gani? Kodi ya chumba ni ngapi? Yaliyobaki ni yetu, au ni ya mwenye kutudai? Watu wengi hufanya biashara kwa bidii mwaka mzima, na mwisho wa mwaka hawajui kama wamepata au wamepoteza. Nyumba hii ilijua, kwa kuwa mmoja alisimama mbele ya wanunuzi, na wa pili alishika kalamu, wala hawakufichana.

Mama msomaji, angalia hapa. Bibi huyu hakuwa mtumwa wa kibanda, wala hakuwa bibi wa kukaa tu akingoja kuletewa. Alikuwa mwenye kujua. Na bwana hakuona haya kuweka fedha zote mbele ya mkewe. Kwetu wako waume ambao mke hajui hata mshahara wao, naye huomba fedha za chumvi kama mgeni. Na wako wake ambao huficha mapato ya shamba chini ya godoro, wakihofu yatanyweka. Nyumba ya namna hiyo ina mifuko miwili na mashaka mawili, wala haiwezi kujenga kitu.

Majira ya baridi yalipokuja, hakuna aliyetaka kinywaji baridi. Hapo ndipo biashara nyingi hufa. Bibi Alice alikwenda kwenye ubalozi wa Meksiko, na kwa kuwa alijua Kiispania aliweza kusema na mpishi wa huko, akapata kwake namna ya kupika nyama kwa pilipili nyingi, na namna ya kupika tamale, ambazo ni unga wa mahindi na nyama ndani yake, hufungwa katika maganda ya mahindi na kuivishwa kwa mvuke. Vyakula hivyo vya moto vikaanza kuuzwa kibandani, na kibanda kikapewa jina jipya, Hot Shoppe. Labda watu walikuwa wamemwuliza msichana huyu, "Kiispania kitakufaa nini?" Jibu lilikuja siku ya baridi. Mzazi asiyetaka kumpeleka binti yake shule kwa sababu haoni faida yake leo, na akumbuke kwamba elimu ni akiba, na akiba haiozi.

KUKUA KWA KAZI

Yaliyofuata nitayataja kwa ufupi. Mwaka 1928 walifungua mkahawa ambapo mtu aliletewa chakula akiwa ndani ya motakaa yake, na huo ulikuwa wa kwanza wa namna hiyo upande wa mashariki ya mto Mississippi. Mwaka 1933 bwana aliugua saratani ya tezi, na madaktari wakamwambia kwamba hana hata mwaka mmoja wa kuishi. Naye aliishi miaka zaidi ya 50 baada ya maneno hayo. Mwaka 1937 ilionekana kwamba abiria wa eropleni, katika uwanja uliokuwa karibu na mkahawa wao mmoja, hununua chakula cha kuchukua safarini. Basi wakaanza kupika na kufunga chakula cha kuliwa angani. Mwaka 1953 watu wa nje waliruhusiwa kununua hisa za kampuni. Mwaka 1957 walifungua hoteli yao ya kwanza, yenye vyumba 365, huko Arlington katika jimbo la Virginia.

Bwana Marriott alikuwa na neno alilolifundisha daima: Mtunze mfanya kazi, naye atamtunza mgeni. Alizoea kuzuru mikahawa yake mwenyewe, akitazama jikoni na kusema na wapishi. Na mwaka 1964, alipompa mwanawe mkubwa cheo katika kampuni, alimwandikia barua ya mashauri. Alimwonya alinde afya yake na tabia yake, aombe Mungu katika mambo magumu, atafute wema ndani ya watu, na akumbuke kwamba kazi yao inasimama juu ya watu. Barua ile haikusema neno la kumfundisha mwana kujivunia jina. Baba na mwana hawakupatana siku zote juu ya deni. Mwana alitaka kukopa ili ajenge hoteli upesi, na baba aliogopa, kwa kuwa alikumbuka kondoo wa baba yake.

UTUMISHI WAO

Mtu akiisha kushiba, ndipo ajulikanapo. Kwa miaka 10, tangu 1948 hata 1958, bwana aliyasimamia makusanyiko ya dhehebu lake katika sehemu za Washington, hali angali na biashara mikononi. Aliongoza halmashauri za sherehe za kuapishwa kwa Rais Nixon, mwaka 1969 na 1973. Bibi naye alichaguliwa kuwa mweka hazina wa mikutano mikuu ya chama cha Republican mara tatu: mwaka 1964, 1968 na 1972. Yule aliyehesabu senti zenye kunata akakabidhiwa fedha za mkutano wa taifa zima! Tena alitumika katika baraza la Kituo cha Sanaa cha John F. Kennedy, mjini Washington. Walitoa mali kwa vyuo, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Utah ikaitwa kwa jina la Bwana Marriott. Mfuko wao wa kusaidia watu unaitwa kwa majina ya wote wawili, la mume na la mke. Na mwaka 1989 jamaa yao walianzisha mfuko mwingine wa kuwasaidia vijana wenye ulemavu wapate kazi. Mwaka 1988, bwana akiwa amekwisha kufariki, Rais Reagan alimpa nishani ya Uhuru, ambayo ni heshima kubwa kwa raia wa Marekani.

DOA KATIKA HABARI HII

Kama ningeishia hapa, ningekuwa nimewapa sifa tupu, nanyi mnastahili kweli. Katika sehemu zile za kusini watu weusi walikatazwa kuketi na kula pamoja na weupe, na mikahawa ya Hot Shoppes huko Virginia ilifuata desturi hiyo. Mpishi mweusi aliweza kupika chakula, lakini ndugu yake hakuweza kuketi akakila. Mwezi Juni 1960 wanafunzi, weusi na weupe pamoja, walikwenda katika mikahawa ya Arlington wakaketi kwa utulivu, wakaomba kuhudumiwa kama watu wengine. Walitukanwa, wala hawakurudisha matusi. Hot Shoppes ilikuwa moja ya mahali walipokwenda. Kabla ya mwezi ule kwisha, milango ya Arlington ilianza kufunguliwa.

Liangalieni neno hili vizuri, maana ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Hawa walikuwa wajukuu wa watu waliofukuzwa. Babu zao walijua maana ya kusimama mlangoni na kuambiwa, "Hapa si pako." Kama kuna urithi mmoja ambao wajukuu walipaswa kuushika kuliko wote, ni kumbukumbu ya mlango uliofungwa. Bidii ya babu waliishika. Uangalifu wa fedha waliushika. Lakini urithi huu mmoja uliwaponyoka kwa miaka mingi, na waliowakumbusha walikuwa vijana wasio na mali wala kijiji chenye jina lao. Nyumba iliyohesabu kila senti haikuwa imewahesabu watu wote.

Sisemi hivi ili tuwahukumu walio kaburini. Nasema ili tujipime sisi. Babu zetu wasomaji wa kwanza walichekwa na kutengwa. Je, wajukuu wao hawamtengi mtu? Mgeni wa kabila jingine akija kwenye mkutano wetu, huketi wapi? Mjane asiye na mtu wa kumsemea, mtumishi wa jikoni, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, wana mahali mezani petu? Jina la babu halitujibii maswali haya.

MASHAURI KWA NYUMBA ZETU

Kwanza, kila nyumba na iwe na daftari la hesabu, hata kama ni daftari la shule lenye kurasa chache. Upande mmoja yaandikwe yaliyoingia, upande wa pili yaliyotoka. Na mume na mke walisome pamoja kila juma. Siku mbili au tatu mtaoneana haya. Siku ya kumi mtaanza kushauriana.

Pili, mtoto apewe kazi iliyo yake, na mavuno yake yahesabiwe mbele yake. Kitalu kimoja cha mchicha kinatosha. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Asikae bure katika nyumba ya kazi.

Tatu, mzee anapowasimulia watoto habari za waanzilishi, asiwaambie ushindi tu. Awaambie pia ni nani aliyewafungulia mlango waanzilishi walipokuwa wageni, na ni nani waliyemfungia wao.

Walimu wenzangu, mkipenda kuyatumia mazungumzo haya pamoja na wazazi, waulizeni maneno haya matatu, kisha waacheni wajibu wenyewe bila haraka. Katika nyumba yako, nani ajuaye jumla ya fedha zilizoingia mwezi uliopita? Ni kazi gani ya babu yako unayoifanya wewe kwa mikono yako leo? Na mlango wako, kuna mtu gani hapa mtaani ambaye hajapata kuuingia?